Kiondo Kilichofika Mbele ya Mwenyewe

Mukami alikiona kiondo kabla ya kumwona mtu. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli, kimejaa hadi mdomoni, na pale kitambaa kilipolegea punje za mahindi ya njano zilichungulia. Alikijua hata kwa mbali. Mshipi wake mmoja ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, wa pili umeshonwa kwa leso kuukuu. Kilikuwa kiondo cha mama yake, Ciakuthii. Akatupa ufagio.

“Wamekubali!” alipaza sauti kuelekea kwenye kahawa, ambako mumewe, Njeru, alikuwa akipogoa matawi makavu. “Baba Mwendwa, njoo uone! Wamemrudishia mama fungu lake!”

Mwenye baiskeli alikuwa mzee Kivuti, jirani wa mama yake kule chini Mbeere. Alikuwa ameisukuma mlima wote hadi Runyenjes, na vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi.

“Karibu, baba, karibu! Na mama umemwacha wapi? Amechoka, amepumzika sokoni?”

Kivuti akavua kofia. Baiskeli hakuiegemeza popote. Aliendelea kuishika usukani.

“Mwanangu, keti.”

“Nitaketije na mgeni amesimama?”

“Keti, Mukami. Mama yako hakuinuka.”

“Hakuinuka wapi?”

“Pale kwenye mgao. Alikaa chini kupumzika, hakuinuka tena. Mungu amemchukua.”

Mukami hakulia. Alikikodolea macho kiondo. Njeru alipofika na panga lake mkononi, alimkuta mkewe ameshika punje chache kiganjani, akizigeuzageuza kama mtu aliyepewa pesa za nchi nyingine.

“Lakini haya yamepimwa leo,” alisema. “Kama mama amekufa, ni nani aliyepokea?”

Kivuti alianza kuilegeza kamba ya kiondo. “Igoki atakueleza,” alisema. “Mimi siwezi.”

Huo ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka ambao mvua ya masika ilipita juu ya Mbeere bila kushuka. Mbuzi wa Ciakuthii walikufa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alimchinja mwenyewe kabla hajaanguka. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Mchwa walipoila nguzo ya kati na nyumba yake ikalala upande, Mukami alishuka kumchukua.

Mama alikubali kuhama, ila kwa neno moja: hangekula chakula cha mkwe wake. Kwa watu wa Embu na Mbeere, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawakai meza moja, na mama hapigi kambi kwenye ghala la mkwe akasubiri kupakuliwa kama mtoto. Ciakuthii alikuwa Mkristo wa sala na mafungo, lakini heshima hiyo hakuiona kuwa dhambi, wala hakuwa na nia ya kuiacha uzeeni.

“Nina fungu langu la serikali,” alimwambia Mukami. “Litanifuata. Nitapika chungu changu.”

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, alisimama katika baraza la mgao wa chakula cha njaa, mbele ya Elphas, katekista aliyepima mahindi, na mbele ya majirani wote. Akasema anahama, na fungu lake la pale apewe mwingine.

Mukami alimvuta nguo. “Mama, ungenyamaza tu! Kwanza tujue kama kule utapewa.”

“Nile huku na kule? Halafu Jumapili niinue mikono gani?”

Kule Runyenjes Njeru alimjengea kibanda kando ya kahawa, chenye mafiga yake na mlango uliotazama upande mwingine ili wasikutane ovyo. Kisha Mukami akampeleka mama kwa karani wa chakula wa pale. Kijana yule hakuwa mbaya, ila alicheka.

“Cucu, bibi yangu, hapa ni nchi ya majani chai. Njaa iko kwenu huko chini. Mahindi hayapandi mlima.”

“Mimi nimepanda,” Ciakuthii alijibu. “Tumbo langu sikuliacha kule.”

Watu waliokuwa kwenye mstari walicheka pamoja naye, lakini alitoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo shida haikuwa chakula tu. Kahawa ilikuwa imezaa vibaya, ghala la Njeru lilikuwa limepungua, lakini sahani ya bibi haikukosekana. Mukami aliipeleka kibandani kila jioni, na kila asubuhi aliikuta imeguswa pembeni tu. “Nimeshiba harufu,” mama alisema. Mifupa ya mabega yake ilianza kuonekana kwenye blauzi.

Njeru alikuwa akisimama nyuma ya ua, akakohoa kwanza, kisha akasema kwa sauti kubwa, kama anayezungumza na ng’ombe: “Mtu amwambie mama ale. Siku hizi dunia imebadilika.”

Naye Ciakuthii, kutoka ndani, alimwambia mjukuu: “Mwambie huyo anayesema hivyo kwamba dunia ibadilike polepole. Mimi niko karibu kushuka.”

Njeru alicheka, na yeye pia. Hawakuwahi kutazamana usoni wakicheka, lakini kila mmoja alimsikia mwenzake.

Ndipo mama akakata shauri arudi Mbeere siku ya mgao, akawaombe watu wake wamrudishie fungu lake. Angechukua mahindi kila mwezi na kupanda nayo mlima. Mukami alisema ni mbali. Mama alisema hata kule alikoolewa alifika kwa miguu. Alisali mlangoni, akatundika kiondo kichwani kwa mshipi wa ngozi, akaondoka. Mukami alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya mto.

Sasa kiondo kilikuwa kimerudi peke yake. Walishuka usiku huohuo, Mukami, Njeru na Kivuti, na Mukami alikataa kukiacha. Alikibeba mgongoni kuushuka mlima wote, kilekile chenye mahindi.

Maiti ilikuwa imelazwa kwa Igoki, rafiki wa Ciakuthii tangu usichana wao, kwa sababu nyumba ya marehemu haikuwapo tena. Alikuwa amefunikwa shuka safi. Mukami alimgusa uso, akatoka nje, akamkuta Igoki ameketi kando ya moto.

“Mama Igoki, ni nani aliyepokea?”

“Ni mimi,” alisema Igoki. “Ni mimi na miguu yangu.”

Akaeleza. Asubuhi Ciakuthii alisimama tena mbele ya baraza, akaomba arudishwe. Elphas akawauliza watu. Kivuti, ambaye hakuna baraza aliloliacha lipite bila mzaha, akapaza sauti: “Huyu amekunywa chai ya maziwa huko juu, sasa amekuja kutunyang’anya haya mahindi ya njano ya kulisha farasi?” Ciakuthii akamjibu: “Chai ya huko ni nzuri, Kivuti, lakini hakuna mtu wa kutukana.” Watu wakavunjika mbavu. Kisha mikono ikainuka yote, na wa kwanza kuinua alikuwa Kivuti.

“Alisikia?” Mukami aliuliza. “Alisikia kwamba amekubaliwa?”

“Alisikia. Alisema, ‘Asante Yesu, nitapika chungu changu.’ Kwa masikio yangu haya.”

Basi wakapanga mstari. Jua lilikuwa kali, na kama ilivyo desturi ya pale, mtu mzee huacha kiondo chake kwenye mstari kimshikie nafasi, yeye akakae kivulini. Ciakuthii aliweka chake mbele ya cha Igoki, akaenda kuegemea ukuta wa ghala, miguu ameinyoosha, kitambaa ameshusha machoni. Kila mstari uliposogea, Igoki alisogeza viondo viwili.

“Changu kwa mguu huu, chake kwa huu. Nikamwambia, ‘Tunakaribia, mvivu wewe!’ Nilidhani amesinzia. Watu wakasema mwache alale, ametoka mbali. Nikasukuma, Mukami. Nikasukuma mpaka mbele. Elphas akapima, akajaza, akaita jina. Akaita tena. Nikamcheka, nikasema huyu masikio ameyaacha Runyenjes.” Igoki akajifunika uso kwa leso. “Nilikuwa nasukuma kiondo cha maiti na kucheka.”

Mukami aliketi chini kando yake. Akaiweka miguu ya Igoki mapajani mwake, ile miguu yenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti.

Ciakuthii alizikwa kesho yake, kando ya kaburi la mumewe, karibu na nguzo zilizolala. Ardhi ilikuwa ngumu na vijana walichimba kwa zamu. Wanawake waliyapika mahindi ya kiondo, majirani wakaongeza maharagwe kila mmoja kiasi alichokuwa nacho. Njeru alisimama mbali, kama alivyosimama siku zote, na chakula kilipopakuliwa alikataa kwa mkono. Kivuti akamfuata na sahani.

“Kula, mwanangu. Yeye hakula chako, lakini hiki ni chake. Chungu alichosema atapika ndicho hiki.”

Njeru aliipokea sahani kwa mikono miwili, akala amesimama, machozi yakidondokea ndani.

Elphas aliongoza sala. Aliomba Bwana ampokee mjakazi wake aliyekataa kuhesabiwa mahali pawili. Waliimba wimbo mmoja kwa Kimbeere. Sanduku lilikuwa la mbao za kreti, halikupigwa rangi. Liliteremshwa kwa kamba ya Kivuti, ile ya baiskeli. Mukami alitupa udongo, kisha Njeru, kisha Igoki, ambaye ilibidi ashikwe. Vijana wakafukia, wakaweka mawe juu kwa sababu ya fisi, na msalaba wa miti miwili. Watu wakatawanyika kabla ya giza.