Kadi Iliyofungwa kwa Leso

Mama mmoja, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Miami, hupiga karatasi zake pasi. Huzifunika kwa kitambaa na kuzisemesha kama watoto wa kupelekwa kanisani: "Tulia wewe, umenunia nini?" Cheti cha ndoa, risiti za kodi, hata kadi ya daktari wa meno, kila kitu amekitolea nakala, na nakala nazo zina nakala zake. Vyeti vyenyewe havioni jua. "Fabyola mwanangu," huniambia akilamba kidole gumba ili afunue karatasi, "kwetu Haiti karani alichukua cheti changu cha kuzaliwa, akasema njoo kesho. Mpaka leo hiyo kesho yake naisubiri."

Siku ya usaili wake wa uraia wa Marekani nilikaa kando yake kama mkalimani. Afisa akaomba kadi ya ukaazi wa kudumu, akapewa nakala. Akaomba kadi yenyewe, akapewa nakala nyingine, safi zaidi. Akasema bila kadi yenyewe usaili unaishia hapo. "Basi mwambie ageukie ukutani," jirani akanong'ona. Afisa akageuka. Kadi ikatoka kifuani, imefungwa kwa leso, ina joto bado. Akaiweka mezani, lakini kidole gumba hakikubanduka juu yake mpaka swali la mwisho, na yote aliyajibu. Afisa akampongeza, akaeleza kwamba siku ya kiapo cha uraia jirani ataikabidhi kadi hiyo kwao, maana raia haihitaji tena. Nikatafsiri. Jirani akaivuta polepole, akairudisha kifuani.

"Mwambie nashukuru sana," akasema. "Siku hiyo nitamletea nakala."