Walitimia

Mpaka leo nikisikia honi ya pantoni tumbo linanikata. Hata ndugu akioa kisiwani Ukerewe siendi. Nasema naumwa, na kweli naumwa.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha darasa la awali katika kijiji kimoja jirani na Kisorya. Watoto wa miaka minne, mitano, wengi wao wa wavuvi na wa wakulima wa mihogo. Vifaa hatukuwa navyo, basi tulihesabia chochote: vizibo vya soda, punje za mahindi, kokoto za ziwani. Siku moja nikapata wazo, nikaliona kubwa: twende gatini tukatazame pantoni ikishusha. Lori lina magurudumu mangapi? Pikipiki je? Mbuzi ana miguu mingapi, na mbuzi wawili? Wakati tunajiandaa, kivulana mmoja wa viatu visivyofanana, kimoja cha buluu na kingine cheusi, akapata ugonjwa wa kuhesabu miguu. Kuku akipita tu, huyo kainama.

Mimi nililelewa na bibi, Mwitongo kule Butiama. Bibi alikuwaga mkali kwa jambo moja: hataki uhesabu ng'ombe kwa kuwanyooshea kidole, na watoto ndiyo usithubutu kabisa. "Watu si mahindi," alisemaga. "Ukiwahesabu, unamwita wa kuwapunguza." Jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwatazama ng'ombe wakiingia, halafu anasema, "Yule wa baka jichoni hajaja." Basi, na kweli hajaja. Nilimtania, "Bibi, wewe ukipewa benki utaifilisi wiki hiyohiyo!" Akanisonya. Niliona ni mambo ya zamani tu, ya watu ambao hawakusoma.

Asubuhi ya safari mwenzangu aliamka na malaria. Nikasema nitaweza peke yangu. Kimbelembele! Nikachukua kamba ndefu yenye mafundo, kila mtoto akashika fundo lake, nikawahesabu mlangoni: ishirini na wawili. Tukaenda tukiimba.

Gatini ilikuwa raha. Malori yakashuka, boda boda zikashuka, akina mama wakashuka na ndoo zao za dagaa, na watoto wangu wanapiga kelele, "Sita! Mawili! Manne!" Watu wanacheka, wengine wanawasaidia. Kisha abiria wa kwenda wakaanza kupanda, na mbuzi wa mnadani nao wakasukumwa ndani wakilia. Watu wakawa wengi. Nikaona sasa hapa patanishinda, nikawavuta wanangu pembeni ya kibanda cha tiketi, nikawagusa vichwa mmoja mmoja. Ishirini na wawili. Nikarudia kwa uhakika. Ishirini na wawili. Nikashusha pumzi. "Haya wanangu, nyumbani."

Kasichana kamoja kakanivuta sketi. "Madam, huyu si wetu."

"Nani si wetu? Tembea, jua linawaka."

"Huyu. Na yule wa viatu hayupo."

Nikageuka. Kwenye fundo la mwisho alisimama mtoto wa shati la njano lililomfika magotini, mdomo umejaa andazi. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Ameshika fundo vizuri, kuliko hata wangu.

Yesu wangu! Nilitazama ziwa. Ziwa letu lina mamba, na kule kwetu kila ukoo una habari ambayo hausimulii mbele ya wageni. Maji yalikuwa machafu, yanapiga kwenye nguzo, na mimi natafuta kiatu kinachoelea. Nikajikuta nawaza nitaona kipi kwanza, cha buluu au cheusi.

Hapo nikasikia mwanamke analia upande wa pili wa watu. "Jamani mtoto! Mtoto wangu jamani!" Nikajua mama wa yule wa viatu ameshapata habari. Nitamwambia nini? Haki ya Mungu, niliikimbia ile sauti. Nilijificha nyuma ya kibanda kama mwizi, na watoto wote na kamba yao wakanifuata.

"Madam, ameenda kwa mbuzi," kasichana kakasema.

Honi ikalia. Nikamsukumia mama muuza maandazi ile kamba, "Wasiachie!" nikakimbia. Mlango wa pantoni ulikuwa umeanza kunyanyuka. "Mwanangu yumo! Shusheni, mwanangu yumo!" Kijana wa pantoni akaniambia nitavunjika mguu, nikamwambia heri nivunjike. Wakaushusha.

Alikuwa nyuma ya lori, amechuchumaa katikati ya mbuzi, kidole kinatembea hewani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Madam, hawatulii," akanishtakia. "Nikifika wa nne, wanahama."

Nilimbeba nikambana kifuani mpaka akalia, na mimi nalia. Nikashuka naye nikijiambia Mungu si Athumani, yamekwisha.

Yule mwanamke alikuwa bado analia. Sasa nilimwona. Alikuwa ndani ya maji, yamemfika mapajani, kanga inaelea, vijana wawili wamemkamata mikono asiende mbele. Ndoo yake ya dagaa imemwagika gatini, watu wanaikanyaga. "Ana shati la njano!" alikuwa anayaambia maji. "La njano!"

Nilimtua wangu chini. Nikaenda kwenye kamba, nikamtoa yule mtoto kwenye fundo, bado andazi mkononi, nikaingia naye majini na viatu vyangu.

Hakunishukuru, wala hakunitukana. Alimpapasa miguu, mikono, kichwa, akarudia tena miguu. Kisha akaitazama ile kamba, akawatazama watoto wa sare waliojipanga, akanitazama mimi.

"Si wewe ndiye mwalimu?" akaniuliza. "Hukuhesabu?"

"Nilihesabu, mama," nikasema. "Walitimia."