Nilivyolinyoosha Bao la Mzee Shomari

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijamaliza kuifikiria. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho, Tandika ya Temeke, na mie nilikuwa nina mwaka mmoja tu tangu nirudi kutoka Ulaya.

Nitajisifu kidogo, univumilie, maana bila sifa hizo hutaelewa kosa lenyewe. Niliondoka hapa na begi la kuazima, nikarudi na stashahada ya ufundi mitambo. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Mchana nilisoma, jioni nilifagia vumbi la mbao kwenye kiwanda cha makabati, mpaka wenyewe wakanitoa kwenye ufagio wakaniweka kwenye mashine. Wenzangu waliorudi miaka ile walishusha bandarini redio kubwa na mafriji. Mie nilishusha kompyuta iliyokwishatumika, mota nilizozing'oa kwenye printa mbovu, na reli za chuma.

Kwa vitu hivyo, katika chumba cha uani nyumbani kwa marehemu baba, niliunda mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Unachora umbo kwenye kompyuta, unabana ubao mezani, unawasha. Jino la chuma linazunguka na kutembea lenyewe, kulia, kushoto, juu, chini, mpaka umbo lile linatokea kwenye mbao. Leo mnaagiza mashine hizo zikiwa ndani ya boksi. Siku zile sikusikia mwingine mwenye nayo Temeke nzima, na nikisema Temeke nzima napunguza kwa adabu tu.

Haikuwa kazi ya kunilisha. Kazi nilikuwa nayo kiwandani. Hii ilikuwa starehe yangu ya jioni na ya Jumapili, umeme ukiwepo. Nilichonga sinia zenye maua, vibao vya majina ya kuweka mlangoni, fremu za saa, vigoda. Mgao wa umeme ulinikatia kazi katikati mara nyingi, nikaanza upya bila kununa. Raha yangu ilikuwa moja: nikichonga vitu kumi, cha kwanza na cha kumi havipishani hata kwa unene wa ukucha.

Nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa ya Mzee Shomari, rafiki wa marehemu baba, ambaye mie nilimwita baba mdogo. Kila siku baada ya swala ya alasiri alicheza bao kibarazani kwake. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mzee Kibwana, muuza mkaa, mtu wa maneno mengi.

Sasa nikwambie mapema jambo ambalo mie nililijua nimeshachelewa. Macho ya Mzee Shomari yalikuwa yamekwisha. Alipata mtoto wa jicho pande zote mbili nikiwa Ulaya, akabaki kuona mwanga tu. Hakutaka kushikwa mkono wala kuonewa huruma, na pale kibarazani hakuna aliyelitaja. Alicheza kwa vidole. Bao lile alilichonga mwenyewe ujanani kwa panga na patasi, na halikuwa na shimo lililofanana na jingine. Moja limelala upande, jingine lina ukingo mnene, jingine limelika kwa miaka ya kuchotwa kete. Akigusa tu anajua yuko wapi, na kwa vidole hivyo aliwafunga wenye macho yao. Mwaka mzima nilimwamkia shikamoo, nikakaa, nikamsimulia habari za Ulaya. Sikugundua. Nilikuwa nazungumza.

Nilichokiona mie ni bao bovu. Lilinikera jicho. Basi Mzee Shomari alipokwenda msibani Kisarawe siku tatu, nikamwendea binti yake, Mwanahawa, aliyebaki nyumbani.

"Kaka Idi, ungemsubiri mwenyewe," alisema.

"Dada, zawadi ukiitangaza inakuwa zawadi tena? Nalitengeneza kidogo, linarudi."

"Lile bao baba ana mambo nalo."

"Ndiyo maana nataka lipendeze."

Alikuwa amekatazwa na baba yake kutaja habari za macho yake, na mie ndiye niliyekuwa msomi wa mtaa. Akanipa. Usomi unafungua milango mingi, mwanangu, hata ile ambayo ingefaa ibaki imefungwa.

Nililibana bao mezani, nikapima mashimo yote thelathini na mawili, nikachagua kipimo kimoja. Mashine ilipita moja baada ya jingine, ikatanua, ikazamisha, ikasawazisha. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Niliridhika kiasi kwamba nilimwita fundi seremala wa jirani aje aone.

Ijumaa, alasiri, nikalipeleka kibarazani mbele ya wazee wote. "Baba mdogo, bao lako hili. Mashine imelinyoosha. Sasa hakuna shimo lililo kubwa wala dogo."

Mzee Shomari aliweka viganja juu yake, akavitembeza polepole mpaka mwisho, akavirudisha. Akafanya hivyo mara tatu. Nikadhani anafurahia.

"Limekuwa laini," alisema. "Ahsante, mwanangu."

"Leo nakufunga kisasa, Shomari," alisema Kibwana akipanga kete. "Na usije ukasingizia bao."

Mchezo haukufika mbali. Mzee Shomari alichota kete kwenye shimo la jirani na lile alilokusudia, akazitembeza, akaishia pasipofaa.

"Mzee mwenzangu, umeanza kuvuna shamba la watu?" Kibwana alicheka.

Mzee Shomari akarudisha zile kete. Kisha akaanza kuhesabu mashimo kwa kidole kuanzia pembeni, moja, mbili, tatu, kama mtu anayejifunza leo. Kicheko cha Kibwana kikakatika. Wazee waliozunguka wakatazama chini. Jambo walilokuwa wamemsitiria miaka yote lilikuwa limewekwa wazi mchana kweupe, na pale mie peke yangu ndiye niliyekuwa bado natabasamu.

"Leo nimechoka," alisema Mzee Shomari. Akainuka, akaupapasa mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaingia.

Kibwana akanigeukia. "Msomi, yule alikuwa anaona kwa yale mashimo. Umemzimia taa."

Wiki ikapita, Mzee Shomari hatoki. Mwanahawa alinifuata uani kwetu. "Nikimwambia wenzako wamekaa nje, anasema wacheze wenye macho. Kaka Idi, baba akizoea kulala mchana, mie nimempoteza."

Nilikwenda kwa mzee na stashahada yangu, mwanangu, maana sikuwa nimejifunza kwenda bila hiyo. Nilimwamkia, nikamwambia nitachonga bao jingine, zuri kuliko yote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Idi, ulimsikia nani akililalamikia lile bao?"

"Hakuna, baba mdogo."

"Mie nilikwambia linanisumbua?"

"Hapana."

"Basi ulipima shimo kwa shimo, na mwenye bao hukumuuliza hata neno moja." Alisema bila hasira, na ndiyo sababu sijaweza kulisahau. Nilimwomba radhi. Mara ya kwanza tangu nirudi niliketi sebuleni mwa mtu nikanyamaza.

Baada ya muda nikamwuliza lile ambalo ningeuliza mwanzo: "Lilikuwaje, baba mdogo?"

Akakunja vidole hewani. "La kwanza kushoto, mdomo wake umeinamia kwangu. La pili jembamba, kidole cha mwisho hakiingii." Nikatoa kalamu.

Ilituchukua karibu miezi miwili. Bao la zamani lilikuwa limeshaliwa na mashine, halikurudishika. Nilitafuta kipande cha mninga mkavu, nikachora kwenye kompyuta mashimo thelathini na mawili tofauti, kila moja na ulemavu wake. Mashine haikukataa, ilikuwa tayari kuchonga vibaya kama ilivyokuwa tayari kuchonga sawa. Kisha nilimpelekea, akagusa, akasema, "Bado." Nikakwangua kwa mkono. "Bado." Ubao wa kwanza tuliutupa, na wa pili.

Wa tatu ulipokamilika alitoka nao kibarazani mwenyewe. Kibwana alimfunga siku nne mfululizo na hakumwachia hata kete moja, kwa kuwa kumwachia kungekuwa kumtukana. Siku ya tano Mzee Shomari alishinda, kwa shida. Kasi yake ya zamani haikurudi tena. Ile niliimaliza mie kwa siku moja, kwa nia njema. Lakini alikaa nje na wenzake kila alasiri mpaka uhai wake ulipokwisha.

Mwanangu, jifunze mashine, na ukizijua jisifu, hiyo ni haki ya jasho lako. Lakini usiguse kitu cha mtu kabla hujamwona akikitumia na kumwuliza kinamfaa vipi. Kinachoonekana kwako kimepinda, huenda mwenzako ndicho anachokishika asianguke. Na ukiharibu, usikimbilie kuleta kipya. Kaa chini usikilize kwanza kile cha zamani kilikuwaje.

Mungu akujalie mikono yenye ujuzi na masikio yenye subira. Kazi zako ziwafae watu, na watu hao wakuombee kheri hata usipokuwepo. Amin.