Diski ya Kupeleka Kidahwe

Juzi Ujiji, kwenye kibanda cha kurekodi DVD ninakopigia soga, dada mmoja alileta video ya harusi ya kaka yake aliyezama ziwani. Alitaka diski ya kumpelekea mama yao Kidahwe.

"Deki ya mama ni ya zamani?" fundi akamuuliza.

"Ya zamani sana."

"Basi nikuwekee DVD ya mainasi, hii yenye alama ya kutoa. Nyingi ya deki hizo huikataa ya plasi, yenye alama ya kujumlisha. Ila dada, si mumnunulie mpya?"

"Hataki. Hiyo aliinunua marehemu."

Fundi akarekodi, akaijaribu. Bwana harusi alipoanza kucheza, dada akaziba kioo cha TV kwa viganja viwili.

"Zima. Mama ndiye aanze kumwona."

Fundi alikuwa na hakika kwamba deki itaiweza. Mama je? Hilo hatukuuliza, hata mimi mwenye domo.