Alidai bonde, akamwagiwa lori la udongo

Jua halijachomoza bado, na mfinyanzi mmoja anatoka nyumbani kwake kwa ubavu. Mlango haufunguki wote, umezuiwa na lundo la udongo mwekundu linalofika dirishani. Kuku wamemtangulia kuamka, wanajichimbia vishimo humo. Mama anawatazama, anasonya, kisha anaanza kufagia tope lililoingizwa ndani na mvua ya usiku.

"Hii ndiyo haki yangu," anasema, akiuelekeza ufagio kwenye lundo. "Niliishinda mahakamani. Karibu uione."

Majirani humwita Mama Vyungu. Ni wa jamii ya wenyeji wa asili walioishi kando ya bonde kabla hapajawa na barabara, shule, wala ofisi ya kumwambia mtu asogee. Kwa zaidi ya miaka thelathini alichimba udongo bondeni humo, kama mama yake na bibi yake, na vyungu vikamsomeshea watoto wanne.

Miaka sita iliyopita ukaja mradi wa kupanda miti. Bonde likazungushiwa uzio, likajazwa mikaratusi, na langoni akawekwa mlinzi. Wenyeji hawakuulizwa lolote.

"Walifika na miche imejaa garini," anasema. "Mtu aliyekuja kuuliza anakuja na miche?"

Wenyeji wakashtaki, wakisaidiwa na wakili mmoja kijana aliyejitolea. Baada ya danadana za kutosha kumzeesha mtu, mahakama ikasema waziwazi: mazingira yale ni sehemu ya maisha yao, haki zao za binadamu zimevunjwa, lango lifunguliwe, na mradi usifanye lolote tena humo bila wao kuulizwa na kuridhia. Siku ile wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Wiki chache baadaye likaja lori la mradi. Likarudi kinyumenyume mpaka uani kwa Mama Vyungu, likamwaga udongo uliochimbwa wanakojua wao, likaondoka. Wafinyanzi wengine nao wakapata mgawo wao. Lango likabaki na kufuli lake.

Afisa wa mradi alipofika na kamera, Mama Vyungu alidhani amekuja kuagiza lundo liondolewe. Akampokea kwa tabasamu la meno yote. Picha hiyo sasa iko kwenye bango kubwa barabarani, chini yake pameandikwa kuwa wenyeji wamerudishiwa haki zao.

"Wifi yangu siku hizi mtu mkubwa," anatania dada wa marehemu mumewe, anayeishi nyumba ya pili. "Ana mlima wake, ana picha barabarani. Sisi wengine hata salamu tutapata kweli?"

Mama Vyungu anacheka kidogo, halafu hasira inamrudia. Udongo huo una mchanga mwingi. Anaukanda asubuhi nzima, anafinyanga, anakausha vyungu kivulini, akivichoma vinapasuka. Katika kila kumi, saba hutoka na nyufa, na wateja wameanza kumkwepa.

Alikwenda ofisi za mradi kuomba lundo liondolewe.

"Eti, 'Mama, hatuwezi kuliondoa. Tukiliondoa tutakuwa tumekunyang'anya haki uliyopewa na mahakama,'" anamwigiza afisa kwa sauti ya puani. "Nikamwambia, basi fungueni lango nikachimbe mwenyewe. Akanishangaa! 'Udongo unao, mama. Lango la nini tena?'"

Wakili amerudi mahakamani. Kesi imepangwa kusikilizwa baada ya miezi saba, na hapo ndipo maji yanapomfika mama huyu shingoni, kwa sababu mikaratusi haingoji tarehe ya kesi. Inanyonya bonde mchana na usiku.

"Juzi nilichungulia kwenye uzio," anasema. "Pale tulipokuwa tunazama mpaka magotini, pamekauka, panapasuka. Hiyo miezi saba ikiisha, wanifungulie lango nikachimbe nini?"

Mwezi huu afisa amerudi, safari hii akiwa na shida yake mwenyewe. Mradi unaandaa sherehe. Watakuja wafadhili na watetezi wa haki za binadamu kutoka mbali. Anataka mtungi mkubwa, uliofinyangwa kwa udongo uleule wa lori, ukae meza kuu. Mgeni rasmi ataujaza maji mbele ya umati, awagawie wageni, iwe ishara ya haki iliyorudi.

Wifi alimshauri akatae. Wakili, alipoelezwa kwa simu, alicheka mpaka akakohoa.

Mama Vyungu amekubali. Leo ameuchoma. Umetoka motoni na ufa mwembamba kutoka shingoni hadi kitakoni, usioonekana mpaka uinamishe kichwa. Hakuuziba. Anatumaini angalau mgeni mmoja atauliza kwa nini, na swali lake litafika langoni kabla bonde halijakauka lote.

"Kuhutubia sitahutubia," anasema, akiufuta majivu polepole. "Nitawapelekea mtungi wao kama walivyoagiza. Maji watamimina wenyewe."