Nilidharau semina ya ajali shuleni, binti yangu akanishusha kwenye boda

Wakuu, habari za humu. Hii sijasimuliwa na mtu, nilikuwepo na vumbi nililila mwenyewe.

Mimi ni kibarua wa kiwanda huku Zegereni. Binti yangu yuko form three hapa Kibaha.

Kabla ya kufunga shule waliita wazazi tukae na watoto wetu kwenye semina, wakamleta dada mmoja aliyekatwa mguu kwa ajali ya boda. Alisema siku ile aliogopa sana, ila aliona aibu kumwambia dereva apunguze mwendo, asionekane mshamba.

Watoto walilia. Muda si mrefu nikaona wanafunzi watatu getini wamepanda mshikaki, boda moja, wanacheka. Nikamwambia mwalimu hizi semina ni kupoteza muda tu.

Likizo ilipoanza nikampeleka binti kwa bibi yake, Mzenga. Tuliposhuka Mlandizi tukachukua boda moja, yeye katikati, mimi nyuma. Najua, msinipige mawe bado.

Kijana alianza vizuri. Mwenzake akampita na kumpigia honi ya dharau, basi akili ikamruka. Mbele kulikuwa na lori la mchanga, vumbi huoni hata mkono wako, naye akatoka kulia alipite.

Nilibana miguu, nikanyamaza.

Binti akasema, "Kaka, simama, natapika."

Hakuna boda anayetaka kutapikiwa mgongoni. Akarudi nyuma ya lori, akasimama pembeni. Binti akashuka, akajifuta uso, akasema hapandi tena. Wala hakuwa na kichefuchefu.

"Mzee, mtoto anakudekea huyo," dereva akaniambia.

Nilimlipa kwa aibu. Tukatembea juani na begi kichwani, mimi nimefura kweli kweli. Nikamuuliza kwa nini ananidhalilisha mbele ya watu.

"Baba, moyo wako ulikuwa unanigonga mgongoni. Nilijua na wewe unaogopa, ila husemi."

Tukaendelea kutembea hadi senta ya mbele.

Yule boda tulimkuta pale, mzima, anakunywa soda, so siwezi kuapa kwamba tulinusurika kifo. Ninachojua ni kwamba siku ya semina mimi na binti tulikaa benchi moja, tukasikia maneno yale yale. Yalimwingia yeye. Mimi mtu mzima yalinipita.

Wenye watoto sekondari, kwenu hizi semina zinaingia? Na wale wa "angekuwa mwanangu ningemchapa", karibuni pia, ila leo sibishani na mtu.