Redio ya baba ilikuwa kwa fundi Bukoba, msiba wetu ukatupita

Habari za jioni wakuu,

Simu yangu iko kwa fundi, natumia ya mama watoto. Hii ni kweli tupu, anayetafuta chai apite uzi wa jirani.

Hizi kelele zenu za "bila simu siku moja nakufa" zimenichosha jamani. Ngoja niwaambie sisi tulikosa nini.

Ni miaka ya ujamaa, kwetu Nshamba. Nimemaliza shule, nasubiri kazi. Baba alikuwa na redio ya mbao, ndiyo pekee upande wetu wa kijiji. Betri zikichoka tunazianika juani, jioni inaimba tena.

Enzi zile mtu akifa mbali, ndugu mnasikia redioni. Matangazo ya vifo yakianza, nyumba nzima kimya. Baba akisikia jina la mtu wa huku, anachukua fimbo, anaenda kubisha hodi kwa wenyewe. Mvua inyeshe, yeye anaenda. Watu walizoea kwamba habari inatoka kwake, haipelekwi kwake.

Redio ikafa. Inakoroma tu.

Nikaipeleka Bukoba. Fundi akafungua, akaguna: "Transista imeungua. Spea mpaka itoke Mwanza."

Mnaolalamika vitu adimu leo, mngeiona miaka ile! Kila nikienda naambiwa pita wiki ijayo. Nalala kwa rafiki yangu kule Kagondo, asubuhi narudi mikono mitupu. Nilichoka mpaka nikaichukia ile barabara.

Nyumbani ndiyo balaa. Saa ya matangazo ikifika, baba anaingia, anakaa, anatazama meza tupu.

Si kwamba alikosa muziki. Kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuwa amelazwa Mwanza.

Mama akamwambia, "Baba Koku, si uende upande wa pili kwa katekista, naye ana redio."

"Nikakae mlangoni kwa mtu kila jioni? Itarudi."

Mbishi sana mzee wangu, Mungu amrehemu.

Hatimaye ikapona. Nikapanda basi, likaishia Ijumbi, dizeli imekwisha. Ijumbi ndiko kibanja cha babu, shamba la ukoo, kilipo, baba mkubwa alikirithi. Nikasema nipite kusalimia. Redio begani, inapiga dansi, sauti juu. Nilikuwa na furaha wakuu, acheni tu.

Nafika uani, watu wamekaa kwenye nyasi, kimya. Shangazi, dada yake baba, akasimama.

"Zima hicho kitu!"

Nikazima.

"Kumbe inaimba vizuri hivyo. Na baba yako ameshindwa kuja kumzika kaka yake?"

Mawe, mama yangu! Nikaishusha redio begani.

Baba mkubwa alikuwa ameshazikwa. Kifo kilitangazwa redioni, mwili ukaja na meli mpaka Bukoba, wakamzika pale kibanjani. Nikamuuliza shangazi, kwa nini hamkututumia mtu?

"Tumtume mtu kwenu wenye redio?"

Halafu kuna kibaya zaidi. Binamu yangu alipita Nshamba kutafuta ndizi za msiba, akamwona baba anapalilia kahawa. Kwetu Wahaya msiba ukiwepo jembe halishikwi, hata aliyekufa awe jirani tu. Sasa huyu ni kaka wa tumbo moja! Binamu alikasirika, hata salamu hakutoa. Akarudi kuwaambia ukoo: nimemwona, analima.

Niliwaeleza redio ilikuwa kwa fundi. Wengine walielewa. Shangazi alinigeuzia mgongo.

Nikatembea mpaka Nshamba. Baba akaniona kwa mbali, akaja kunipokea anacheka. Sikuwa nimemwona anacheka hivyo muda mrefu.

"Inashika?"

"Inashika, baba."

Akaiweka mezani, akaifuta kwa shati lake. Hapo nikamwambia yote. Sikujua namna nyingine.

Akauliza, "Aliniona na jembe?"

"Ndiyo, baba."

"Si angeniita tu. Nilikuwa palepale kando ya njia."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba analia. Mama akaja akakaa naye chini.

Jioni ileile alikwenda Ijumbi kwa miguu. Shangazi hakuitikia salamu yake, na ilichukua miaka mpaka wakala meza moja.

Miaka ikaenda, redio zikawa nyingi kijijini. Baba hakuacha kwenda kubisha hodi. Watu wanamwambia mzee, usijisumbue, tumeshasikia. Yeye anajibu, "Najua mmesikia, waitu, ndugu zangu. Nimekuja kuwaambia."

Funzo langu ni hilo, wakuu. Usiseme "lazima anajua." Mwambie.

Nani mwingine humu alipitwa na msiba wake mwenyewe kwa sababu kila mtu alidhani ameshaambiwa? Semeni, nawasoma.